Utafiti wa mwamba wa bahari wagusa chungu cha samaki Kibokoni

NYUMBA za kale za mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upande huo wa mashariki wa kisiwa wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliokua chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari duniani ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa kwa mita kadhaa.

Mwamba ulio hai, ulio mbele ya fukwe za pwani, ndio unaowapa wakazi tafi, changu na pono. Kwa miaka mingi kila elimu iliutazama mwamba huo kwa jicho lake. Mwanaikolojia alihesabu samaki, mtaalamu wa lishe akapima watoto, mchunguzi wa sayari akafuatilia joto la maji, na mtafiti wa ustawi wa jamii akauliza nani anafaidika. Tafiti za miongo ya karibuni zimeonyesha kwamba jibu la mmoja wao, likichukuliwa peke yake, laweza kumuumiza mtu ambaye mwenzake angemwona.

Daftari la miaka 300

Tumbawe hukua kwa matabaka, mfano wa pete za shina la mti, na kila tabaka huhifadhi alama za maji ya wakati wake. Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha kumbukumbu ya joto la bahari ya miaka 194 iliyotokana na tumbawe la Malindi. Ilibainika kuwa maji ya pwani hii yamekuwa yakipanda na kushuka joto kwa kufuata mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki, ambako ndiko chimbuko la El Nino.

Mwaka 2007 utafiti mwingine ulisoma tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, na mara hii kilichopimwa ni madini ya bariamu yanayoletwa na udongo wa Mto Sabaki. Kati ya mwaka 1700 na 1900 kiasi chake hakikubadilika sana. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20, mashamba ya kikoloni yalipopanuka bara, udongo uliofika baharini uliongezeka. Hivyo mkulima aliyelima mlimani bila kuzuia mmomonyoko aliacha alama yake katika mwamba asiouona.

Mwaka 1998 El Nino kali ilipandisha joto la Bahari ya Hindi, na matumbawe ya Kenya yakapauka na kufa kwa wingi. Tumbawe hupauka linapofukuza mwani mdogo sana unaolilisha. Joto likidumu kwa wiki kadhaa, hufa kwa njaa. Kupauka kulirejea mwaka 2016, na Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote kuu.

Samaki kama dawa

Swali linalofuata ni la mlo. Mwamba ukidhoofika, je, samaki wanaobaki wana faida ileile mwilini?

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Christina Hicks wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Watafiti walikusanya vipimo vya spishi 367 za samaki kutoka nchi 43, wakatazama madini ya chuma, zinki, kalisi na seleniamu, vitamini A, mafuta ya omega-3 na protini. Waligundua kuwa samaki wa nchi za joto wana kalisi, chuma na zinki nyingi zaidi, na kwamba spishi zenye maumbo madogo hazipitwi na zile kubwa. Katika nchi kadhaa ambako watu wana upungufu wa madini hayo, sehemu ndogo tu ya samaki wanaovuliwa ingetosha kuziba pengo kwa watoto wanaoishi karibu na bahari.

Uchunguzi wa Ushelisheli uliochapishwa mwaka 2022 uliongeza jambo la kutia moyo: hata baada ya maafa ya 1998, samaki wanaokula mwani, wakiwamo jamii ya tafi, waliendelea kuwa na chuma na zinki kwa wingi. Tafi ndiye mmoja wa samaki wanaovuliwa zaidi katika pwani ya Kenya.

Hata hivyo, kuwapo kwa samaki baharini si hakikisho kwamba mtoto atamla. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Kaunti ya Kilifi, iliyo jirani ya Mombasa na yenye ufuo mrefu wa wavuvi, kiwango kilikuwa asilimia 37, cha juu kuliko kaunti zote. Mvuvi mwenye samaki wachache na madeni mengi huuza samaki, kisha hununua unga. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku.

Dema lenye mwanya

Njia mojawapo ya kuukinga mwamba ilianzia kwenye dema, mtego wa kusukwa ambao wavuvi wa pwani wameutumia tangu kale. Mwaka 2013 watafiti Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walichapisha matokeo ya kuliacha dema na mwanya mwembamba ambao samaki wachanga huponyokea. Samaki walionaswa bila kukusudiwa walipungua, walionaswa walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha wavuvi kikaongezeka.

Kwa mwanaikolojia, hiyo ni habari njema isiyo na doa. Lakini mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Tim Daw lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Nyali, ng'ambo tu ya maji kutoka Kibokoni. Walijenga kielelezo cha uvuvi wa eneo hilo, kisha wakawauliza wahusika wenyewe nini kingetokea iwapo uvuvi ungepunguzwa. Kwa jumla, faida ilipanda na mwamba ukapata nafuu. Walipogawanya hesabu hiyo kwa makundi, walikuta waliopoteza: wavuvi wa juya, na wanawake wanaoitwa mama karanga, wanaonunua samaki wadogo wa bei nafuu, kuwakaanga na kuwauza mitaani.

Ndipo elimu hizi zinapogongana. Samaki wakiwa wakubwa, bei hupanda na mteja huwa mfanyabiashara mwenye mtaji na jokofu. Mama karanga hukosa bidhaa, na familia iliyozoea kununua kipande cha samaki wa kukaanga jioni hukosa kitoweo. Mwamba umepona, lakini sahani ya maskini imepungua.

Mdogo si mchanga

Jawabu moja limo katika kutofautisha maneno mawili. Samaki mdogo kwa spishi, kama dagaa, hukomaa akiwa na umbo dogo na huzaliana upesi. Samaki mchanga ni changu au pono ambaye hajawahi kutaga. Kumvua wa kwanza kwa kiasi hakumalizi bahari, na ndiye mwenye kalisi nyingi kwa kuwa huliwa na mifupa yake. Kumvua wa pili ni kula mbegu. Sheria isemayo tu kwamba samaki wadogo wasivuliwe huwachanganya wote wawili, na gharama yake humwangukia mama karanga.

Katika miaka ya mwanzo ya 2020, mradi wa Samaki Salama huko Kilifi ulijaribu kuziunganisha elimu hizo. Uliwashirikisha wataalamu wa vyuo vikuu vya Pwani na Egerton pamoja na wenzao wa Marekani. Wavuvi walipewa madema yenye mwanya, na familia zao zikapewa mafunzo ya lishe ya watoto. Kilichopimwa kilikuwa samaki baharini na mlo wa mtoto nyumbani, vyote katika mradi mmoja.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya (KMFRI), iliyoanzishwa mwaka 1979, iko Mkomani, ikitazamana na Mji wa Kale. Vipimo vya joto na vya samaki vipo. Kinachobaki kwa wapangaji wa sheria za uvuvi ni kuongeza swali moja kabla ya kufunga eneo au kupiga marufuku chombo: mama karanga atanunua samaki gani kesho, na kwa bei ipi?