Kigong'ota wa Milima ya Kisii na Nyamira

Aila nyingi za Pwani zina mtu wao Kisii au Nyamira. Yupo aliyepelekwa huko kwa kazi ya serikali, yupo aliyefungua duka, yupo aliyeoa au kuolewa. Na tangu Chuo Kikuu cha Kisii kilipopata hati yake mwaka 2013, wapo pia wanafunzi. Likizo zikifika, wazazi hupanda basi pamoja na watoto, wakasafiri karibu kilomita 800 kutoka Mombasa hadi nchi ya baridi, migomba na majani ya chai. Siku mbili za mwanzo hupita kwa maamkizi na maakuli. Siku ya tatu watoto huanza kuuliza: hapa pasipo bahari tutafanya nini?

Makala haya yanaleta jibu moja lisilo na gharama. Tokeni nje asubuhi, mkamtafute kigong'ota.

Kigong'ota, ambaye wengine humwita kigogota, ni yule ndege agongaye miti kwa mdomo wake. Watu wengi wamemsikia bila kujua kuwa ni yeye, kwani mlio wa mdomo wake juu ya gogo hudhaniwa kuwa ni mtu apigaye nyundo mbali. Duniani kuna zaidi ya aina 200 za jamii yake, naye hupatikana karibu kila penye miti, isipokuwa Australia, Madagaska na sehemu nyingine chache. Sisi wa Afrika Mashariki tumejaliwa kuwa naye, tena wa aina kadhaa.

Fundi aliyeumbwa na vyombo vyake

Atakayemtazama ndege huyu kwa makini ataona kwamba kila kiungo chake kimewekwa kwa ajili ya kazi moja. Ndege wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kigong'ota ana viwili mbele na viwili nyuma, na kwa hivyo hushika gome la mti uliosimama wima bila kuteleza. Manyoya ya mkia wake ni magumu, naye huyakaza kwenye shina yakawa kama mguu wa tatu wa kuegemea. Mdomo wake ni mnyoofu na mkali mfano wa patasi.

Ulimi wake ni ajabu zaidi. Ni mrefu kupita kiasi cha mdomo, na mifupa yake ya shina hupinda ikazunguka nyuma ya fuvu hadi juu ya kichwa. Akishatoboa tundu, huuchomoza ulimi huo ndani ya njia za wadudu, akawavuta mabuu waliojificha mahali ambapo ndege mwingine hawezi kuwafikia.

Kwa miaka mingi watu waliuliza: vipi haumwi na kichwa? Ilisemwa kwamba fuvu lake lina kitu kama sifongo cha kupunguza mshindo. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Antwerp, nchini Ubelgiji, walizipima picha za video za vigong'ota waliokuwa wakigonga, wakaona kwamba sivyo. Fuvu lake ni gumu kama nyundo, na lau lingekuwa laini, pigo lingepoteza nguvu na kazi isingefanyika. Kinachomsalimisha ni udogo wa ubongo wake, ambao hauathiriki kwa mshindo ambao ungemdhuru binadamu.

Tena si kila mgongo wake ni wa kutafuta chakula. Kuna kugonga kwa pole, hapa mara mbili, pale mara tatu, akisikiliza na kuchokoa; hiyo ni kazi ya riziki. Na kuna kupiga kwa kasi, mapigo mengi yakifuatana kama ngoma ndogo, kisha kimya. Hiyo ni habari anayowapelekea wenziwe: hapa ni kwangu, au, niko hapa njoo. Mtoto akishazijua sauti hizi mbili, msitu hauwi tena na kelele tupu. Huwa na maneno.

Wawili wa kuwatazamia

Katika milima ya Kisii na Nyamira, mgeni aanze na aina mbili.

Wa kwanza ni kigong'ota mdogo ambaye wataalamu humwita kwa jina la Kilatini *Dendropicos fuscescens*. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 15, si mkubwa kuliko shomoro kwa kadiri ya kustaajabisha. Kifua chake cheupe kina michirizi meusi, na mgongo una mistari. Dume ana utosi mwekundu na paji la kahawia. Jike hana wekundu huo. Huyu hapendi makuu. Humkuta kwenye tawi jembamba la mparachichi, kwenye ua wa miti kando ya njia, hata kwenye mabua makavu ya mahindi, akitafuta viwavi watoboao shina. Mkulima aonaye ndege huyu katika mahindi yake ajue kwamba amepata kibarua asiyedai ujira.

Wa pili ni kigong'ota wa kijivu, *Dendropicos goertae*, ambaye ni wa magharibi ya Kenya. Ni mkubwa zaidi, kiasi cha sentimita 20. Kichwa na kifua vyake ni vya kijivu kisicho na madoa, mgongo una rangi ya majani yaliyopoa, na anaporuka huonyesha wekundu juu ya mkia. Dume ana wekundu pia kisogoni. Huyu hushuka hata chini kutafuta siafu na mchwa, jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa ndege wa miti.

Kuna mhadaa mmoja. Milimani yupo ndege mdogo wa jamii ya zuwakulu ambaye wimbo wake ni kama fundi agongaye bati: to, to, to, kwa muda mrefu bila kuchoka. Wageni hukimbilia sauti hiyo wakidhani wamempata kigong'ota. Tofauti ni kwamba sauti ya zuwakulu hutoka kooni, nayo ni nyororo na ya namna moja. Ya kigong'ota hutoka kwenye mti, na hubadilika kwa kadiri mti ulivyo mkavu au mbichi.

Namna ya kumtafuta

Wakati mwema ni baada ya sala ya alfajiri, jua linapochomoza hadi kama saa tatu asubuhi. Mvua ya milima ile aghalabu hunyesha alasiri, kwa hivyo asubuhi ndiyo yenye mwangaza na utulivu. Chukueni darubini mkiwa nayo. Msipokuwa nayo, macho yatosha kuanzia. Daftari na kalamu ni muhimu kuliko darubini, kwa sababu mtoto akiandika saa, mahali, mti na rangi aliyoiona, atakumbuka.

Kule Kisii kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Msiingie shamba la mtu kwa kuwa mmeona ndege. Mkikutana na mwenyeji asubuhi, mwamkieni kwa lugha yake: *Bwakire buya*. Kisha mwelezeni mnachokitafuta. Mara nyingi mzee wa mji ndiye atakayewaonyesha mti ambao amemwona ndege huyo tangu utotoni mwake, na mazungumzo hayo yatakuwa nusu ya faida ya safari.

Mkisikia mgongo, simameni. Msinyooshe vidole, msiitane. Kigong'ota akihisi mtu huzunguka upande wa pili wa shina, akawaacha mkitazama gome tupu. Mkimfuata kwa haraka, huzunguka tena. Dawa yake ni mmoja kubaki alipo na mwingine kuzunguka polepole kwa mbali, au wote kukaa kimya hadi ndege asahau kwamba mpo. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Subira yavuta heri, na mtoto ambaye hakutulia dakika tano darasani hutulia robo saa chini ya mti, kwa sababu sasa kimya chake kina malipo. Kichwa chekundu kinapochungulia ukingoni mwa shina, furaha iliyopo haielezeki kwa asiyeionja. Hamkukinunua kitu hicho, wala hakuna aliyewaahidi. Kimekuja kwa hiari yake, na mngeweza kukikosa.

Mkiona tundu la kiota, rudini nyuma. Baba na mama hulalia mayai yao meupe kwa zamu na hulisha vifaranga pamoja, na mtu akisimama karibu huwazuia kuingia. Na manati yabaki nyumbani.

Nchi inayokosa mti mkavu

Sasa tuseme lililo zito. Kigong'ota haishi kwa miti tu. Huishi kwa miti iliyozeeka na iliyokufa. Katika mti mkavu ndimo wanamokaa mabuu anaowala, na katika mti uliolainika kwa kuoza ndimo anamochimba kiota. Mti mbichi wenye nguvu haumfai sana.

Na mti mkavu ndio kitu adimu kuliko vyote katika milima hii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, kiasi cha watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira walikuwa 605,576, kiasi cha watu 675 kwa kilomita mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana likagawanywa kwa wajukuu. Tawi likikauka, siku hiyo hiyo limekuwa kuni. Miti ya asili imebaki kwenye miteremko mikali kama ile ya Manga, kando ya mito, na katika viwanja vya shule na miji ya zamani.

Mahali pake pamejaa mikaratusi. Mkaratusi hukua upesi na hulipa: ni nguzo, ni mbao, ni kuni za viwanda vya chai. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hukatwa ungali kijana, kabla haujapata tundu wala tawi bovu. Kilima kilichofunikwa na mikaratusi huonekana cha kijani kwa apitaye barabarani, ilhali kwa kigong'ota ni kama mji wenye nyumba zilizofungwa milango.

Hasara haimfikii yeye peke yake. Kigong'ota akishahama tundu lake, hulirithi ndege wengine wasio na mdomo wa kuchimba. Fundi mmoja akiondoka, wapangaji wengi hukosa pa kulala. Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, na hapa twaweza kuongeza kwamba gogo likiisha, naye mbanduaji amekwisha.

Haifai kumlaumu mwenye robo eka na watoto sita. Kuni ni chakula, na karo ni karo. Lakini kuna mambo madogo yasiyomtia mtu hasara. Mparachichi mzee ulio mbali na nyumba unaweza kuachiwa tawi moja kavu. Mti unaokatwa unaweza kukatwa kwa juu, likabaki shina la urefu wa mtu wawili, lioze polepole kwenye mpaka wa shamba. Na ule mti wenye maua mekundu ambao Wakisii huuita *omotembe* huota kwa fimbo iliyochomekwa ardhini, hufaa kuwa ua, na ubao wake ni laini. Wanaofunga safari kwenda kwa wakwe au kwa wana wao wanaweza kulizungumza jambo hili kwa upole mezani, kama wazungumzavyo habari za mvua na mavuno. Shule nayo, yenye kiwanja kikubwa kuliko shamba la mtu, yaweza kuuacha mti mmoja mkavu ulio mbali na njia za wanafunzi.

Na kwetu Pwani

Asiye na safari ya bara asisikitike. Yupo kigong'ota aliyepewa jina la mji wetu, *Campethera mombassica*, mwenye mgongo wa kijani chenye dhahabu. Makao yake duniani ni ukanda huu wa pwani tu na maeneo ya karibu, kutoka kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, ni mojawapo ya mahali pa kumwona. Ni jambo la ajabu kwamba watu husafiri kutoka Ulaya kuja kumtazama ndege mwenye jina la Mombasa, na Mombasa yenyewe wengi hawajapata kumsikia.

Wanaotaka wenzi wa kutembea nao waulizie Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909 kwa jina la jumuiya ya historia ya viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda, ambayo huandaa matembezi ya kutazama ndege. Wanaotaka kuanza peke yao waanze na mti mmoja ulio karibu na nyumba, waujue kwa wiki nzima: nani huja, saa ngapi, na hufanya nini.

Na likizo ijayo, mtoto atakapouliza Kisii kuna nini, mpeni daftari jipya. Mwambieni aandike juu ya ukurasa wa kwanza tarehe, mahali na jina la mti, kisha aache mstari mmoja mtupu kwa ajili ya yule atakayekuja kuugonga.