Amri na Hali: Istilahi za Kibadili Zana katika Mashine ya Kuchonga Chuma

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zihitajikazo katika kuhuisha mashine kuukuu ya kuchonga chuma yenye kibadili zana. Twasema "mashine ya kuchonga" wala si "mashine ya kusaga", kwa kuwa kwa msemaji wa Kiswahili mashine ya kusaga ni ile ya unga. Aidha, kuchonga si kukereza. Katika kukereza, kipande cha chuma ndicho kizungukacho na kisu hakizunguki. Katika kuchonga, zana yenye meno ndiyo izungukayo.

Kibadili zana ni mtambo utoao zana katika mhimili wa mashine na kutia nyingine bila mkono wa mtu. Mitambo ya namna hii ilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mashine iliyoitwa Milwaukee-Matic ya kampuni ya Kearney & Trecker. Zana hukaa katika ghala, ambalo mara nyingi ni gurudumu lenye vishikio ukingoni. Ndani ya mhimili mna ufito uvutwao na springi kali, nao ndio uibanao zana. Ili zana ilegee, hewa iliyoshindiliwa au mafuta yenye shinikizo huzishinda springi hizo.

Chuma cha mashine hizi huweza kudumu miongo mingi. Vidhibiti vyake vya zamani, ambavyo vingi vilisoma utepe wa karatasi wenye matundu, huharibika mapema na vipuri vyake ni adimu. Fundi huviondoa, akaweka kompyuta mahali pake, na kuacha mhimili na ghala kama vilivyo. Kazi hii haitoshi kuitwa kukarabati, kwani kukarabati ni kukirudisha kitu katika hali yake ya awali. Twapendekeza iitwe kuhuisha.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kila hatua ya kubadili zana ina pande mbili: amri itokayo kwenye kompyuta, na taarifa ya hali irudishwayo na kihisi. Amri ya kubana hufunga hewa ili springi zivute. Lakini springi yaweza kuwa imevunjika, au takataka zimezuia zana isikae sawasawa. Programu ya LinuxCNC, kwa mfano, hutoa amri ya kubadili zana, kisha husubiri jibu kabla ya kuendelea. Fundi mwenye haraka akiunganisha amri na jibu moja kwa moja, kompyuta itajijibu yenyewe. Mhimili utazunguka ilhali zana haijashika, na zana ichomokayo katika mwendo huo yaweza kuua.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa suala la usalama. Kibandiko kilichoandikwa "kulegeza" tu hakimwambii fundi kama waya huo wapeleka amri au waleta habari. Kwa bahati njema, unyambuzi wa vitenzi vyetu unatosha kuzitenganisha pande hizo. "Legeza" ni amri. "Imelegea" ni hali. Hata "imelegezwa" haifai, kwa sababu yaeleza kuwa kitendo kimefanywa, nayo haithibitishi kuwa kimefaulu. Kwa upande wa kubana, mafundi wanalo neno tayari: husema breki imeshika, au gundi imeshika.

Kwa hiyo twapendekeza jozi zifuatazo:

(a) amri: LEGEZA, hali: IMELEGEA
(b) amri: BANA, hali: IMESHIKA
(c) amri: ZUNGUSHA GHALA; hali: GHALA LIMEFIKA

Mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa wayapime maneno haya karakanani na kutuletea maoni yao. Endapo wanalo neno lililokwisha kuzoeleka, nalo latenganisha amri na hali, hilo ndilo lipewe nafasi ya kwanza.