Taa za Nyuma ni za Mwenzako

Ushukapo usiku kutoka Kidichi kwenda Bububu, huzioni taa zako za nyuma. Anayekufuata ndiye anayezihitaji. Basi ukitia glopu za LED, zijaribu kabla ya safari.

Glopu ya kuchomeka haiwaki? Ichomoe, uigeuze, uirudishe. LED huchagua chanya na hasi. Glopu ya zamani haikujali.

Endiketa inapepesa mbio mbio? Glopu ya zamani hula wati 21, LED hula chache tu. Rilei hudhani glopu imeungua. Dawa ni rilei ya LED. Wengine hufunga rezista, lakini hiyo hupata moto sana: ifungwe kwenye chuma, isiguse plastiki wala waya.

Ukikanyaga breki, zawaka na taa zisizohusika? Usilaumu glopu kwanza. Tazama waya wa ethi, maana hewa ya bahari huleta kutu. Sugua kwa msasa, kaza skrubu.

Mwisho, mwombe mtu asimame kando ya gari, si nyuma yake, nawe ukanyage breki. Akisema, “Zote zawaka,” nenda salama.