Asilimia 98 ya Nini?

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, swali ni lilelile. Mwanafunzi wa kompyuta anafungua laptopu, anaonyesha asilimia ya majibu sahihi ya modeli yake, iliyo chini ya skrini, na kuuliza: "Mwalimu, imefika 98. Inatosha?" Mwenye 74 naye anauliza afanyeje ipande. Wote wawili wanahangaikia alama kabla ya kuutazama mtihani wenyewe ulivyotungwa, na hapo ndipo kazi ya muhula mzima inapoharibikia.

Uchukuliwe mfano wa mihogo. Mwishoni mwa mwaka 2020 jukwaa la Kaggle lilifungua mashindano ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Picha zilitoka Uganda, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima mashambani mwao. Wataalamu wa utafiti wa mazao, wakishirikiana na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, ndio walioandika kila jani lina ugonjwa gani. Picha za kufundishia zilikuwa 21,397, katika mafungu matano: magonjwa manne na majani yasiyougua. Mafungu hayo hayakulingana hata kidogo. Ugonjwa wa batobato peke yake ulichukua picha 13,158.

Sasa iandikwe programu ya mstari mmoja, isiyotazama picha hata moja, ambayo kila ikiulizwa hujibu "batobato". Itapata asilimia 61. Haijui jani wala ugonjwa, lakini inampita mwanafunzi yeyote mwenye 60. Mwenye 70 naye ameizidi programu kipofu kwa pointi 9 tu.

Kuna baya zaidi. Michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku shina na majani mara nyingi yakionekana ya kuridhisha, ulikuwa na picha 2,189. Wakulima wengi huwagutusha siku ya kuvuna. Modeli inayokosea kila picha ya michirizi na kupatia nyingine zote ingepata karibu asilimia 90 kwenye data hiyo. Mshindi wa mashindano alimaliza na kama 91. Yaani namba inaweza kukaribia ya bingwa, na ugonjwa unaommaliza mkulima usikamatwe hata mara moja.

Mwanafunzi akishaambiwa hayo, hukimbilia dawa inayozunguka mabwenini: "sawazisha data". Anachukua picha za fungu dogo kuliko yote, la ugonjwa wa bakteria, ambazo ni 1,087. Anazigeuza, anazizungusha, anazikoza mwanga hadi zinafika elfu kumi na tatu, zilingane na batobato. Kisha ndipo anapogawa: asilimia 80 za kufundishia, 20 za kupimia. Alama zinapaa. Anasherehekea.

Hicho si kipimo. Kila picha halisi ya fungu hilo sasa ina nakala kama kumi na mbili, na zikichanganywa na kugawanywa kwa bahati nasibu, takriban kila picha yake ya kupimia ina pacha wake upande wa kufundishia. Modeli haikuulizwa kuhusu ugonjwa. Iliulizwa kuhusu jani lilelile ililokwisha kuliona, limepinduliwa tu. Katika lugha inayoeleweka kuanzia darasa la saba, pepa imevuja. Mtahiniwa aliyepewa pepa usiku wa kuamkia mtihani hapongezwi kwa 98 zake, na modeli nayo haistahili pongezi. Kosa halimo katika kusawazisha, bali katika mpangilio: lililopaswa kufuata limetangulia. Wanaotumia SMOTE, mbinu ya mwaka 2002 inayotunga mifano mipya katikati ya mifano jirani, hujikwaa palepale wanapoitumia kwenye data yote kabla ya kugawa.

Kosa hili haliishii kwa wanafunzi. Mwaka 2023 Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha uvujaji wa namna hii katika nyanja 17 za utafiti, ukigusa makala 294. Data maarufu ya eksirei za kifua iitwayo ChestX-ray14 ina picha 112,120 lakini wagonjwa 30,805 tu. Anayegawa kwa picha badala ya mgonjwa anaweka kifua cha mtu mmoja pande zote mbili. Na mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliopima modeli za nimonia walikuta mtandao wao wa neva ungeweza kutambua, karibu bila kukosea, eksirei ilipigwa hospitali gani. Hospitali moja ikiwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia, kuijua hospitali kunatosha kubahatisha ugonjwa.

Njia sahihi hazina siri. Gawa kwanza, kwa shamba au mgonjwa au tarehe, kisha data ya kupimia ifungiwe mpaka siku ya mwisho. Programu kipofu ipimwe kabla ya modeli yoyote. Kusawazisha na kuzidisha picha kufanyike upande wa kufundishia pekee, au kosa la fungu dogo lipewe uzito mkubwa zaidi. Badala ya namba moja ya asilimia, chora jedwali la makosa: michirizi mingapi imekamatwa kati ya yote, na mingapi kati ya iliyotajwa ni michirizi kweli. Kama kufundishia kuna 99 na kupimia kuna 70, modeli imekariri. Tafuta picha zaidi au punguza ukubwa wa modeli. Anza na mti wa maamuzi kabla ya mtandao wa neva wenye tabaka hamsini. Na mwenye nafasi aende kwenye shamba ambalo halimo katika data, apige picha hamsini kwa simu yake, na ziwe ndizo za kwanza anazomwonyesha msimamizi.