Kuhamia Kenya Moja kwa Moja

Sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama twavuka mpaka pale Sirari kama mtu aingiaye shamba la jirani, maana Wakuria na Wajaluo wako pande zote mbili. Basi atakaye kuhamia Kenya kabisa hudhani ya kuwa nauli yatosha. Sivyo.

Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki yalianza Julai 2010, lakini afanyaye kazi huko bado sharti apate kibali. Na shamba? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mgeni kukodi ardhi tu, muda usiozidi miaka 99.

Akiisha kukaa kwa halali miaka 7 mfululizo, aweza kuomba uraia. Hapa ndipo tuwaombapo mfikiri polepole. Kenya yakubali uraia wa nchi mbili, Tanzania haikubali. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima apatapo uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwao umekwisha. Siku ajapo Butiama kumzika mzazi wake, ataandikwa mpakani kuwa mgeni. Kwa hiyo neno la shamba na ng'ombe laamuliwa pamoja na wazee, kabla ya kujaza karatasi.