Mtutu Huchaguliwa kwa Mnyama, si kwa Majivuno

Mji wa Taveta, ambamo imo Bomeni, umekaa mpakani mwa nchi mbili zenye sheria mbili. Upande huu ni Kenya na mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwezi wa Mei mwaka 1977, nayo sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 ikashikilia katazo hilo. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kupita Holili, ni Tanzania, ambako mtu mwenye leseni angali anaruhusiwa kuwinda katika mapori yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Basi habari za bunduki ya kuwindia si hadithi za babu zetu tu. Ni jambo lililo hai, saa chache kutoka mlangoni petu.

Wako wawindaji wasiotaka bunduki iliyotengenezwa kiwandani kwa watu wote. Huenda kwa fundi, wakaagiza ya kwao wenyewe, kama vile mtu aagizavyo kanzu kwa kipimo cha mabega yake. Na neno la kwanza ambalo fundi atauliza ni hili: wataka mtutu wa namna gani? Jawabu la swali hilo halimhusu mwenye fedha peke yake. Mnyama akijeruhiwa asife, hukimbilia kichakani, na anayetangulia mbele kuifuata damu yake ni mtafuta nyayo, ambaye aghlabu hana silaha. Mtutu uliochaguliwa vibaya, gharama yake huweza kulipwa na yeye.

Yafaa kwanza kujua kazi ya mtutu. Ndani yake mna mifuo, yaani mikato iliyojizungusha kama uzi wa parafujo. Risasi ipitapo humo hushikwa na kuzungushwa, hata itokapo mdomoni inazunguka kama pia ya watoto, na kwa sababu hiyo huenda moja kwa moja bila kupinduka. Mafundi hupima msokoto huo kwa inchi. Bunduki ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Uingereza tangu mwisho wa karne ya 19, huizungusha risasi mara moja katika kila inchi 10. Ile ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, huizungusha mara moja katika inchi 12. Kanuni ni kwamba risasi ndefu na nyembamba yataka msokoto wa haraka zaidi kuliko fupi na nene. Kwa hiyo asiyejua atapiga risasi gani, hajawa tayari kuchagua mtutu.

Jambo la pili ni upana wa tundu. Wengi hudhani kwamba tundu kubwa ndilo bora siku zote. Historia ya Taveta yenyewe yatufunza vingine. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji huu, wakaushika hadi Machi 1916. Askari wao wengi walianza vita vile wakiwa na bunduki za namna ya mwaka 1871, zenye tundu la milimita 11 na baruti nyeusi. Risasi yake ilikuwa nene kweli kweli, lakini kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Unene peke yake haukuwa faida.

Kinyume chake ni habari ya Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye aliua tembo zaidi ya 1,000, idadi inayotusikitisha leo, na wengi wao kwa bunduki nyepesi yenye tundu la milimita 7. Lakini asije mtu akamwiga. Bell aliyachunguza maungo ya tembo hata akajua ubongo ulipo kwa kila upande, na mkono wake haukutetemeka. Kwa mtu wa kawaida, nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji wa leseni zimeiweka .375 kuwa kima cha chini kwa nyati, simba na tembo. Kwa swala, risasi ndogo zaidi inatosha, tena yafaa zaidi, kwani bunduki yenye teke kali humfanya mpigaji afumbe macho kabla ya mlio.

Tatu ni urefu na uzito. Mtutu mrefu huipa baruti nafasi ya kuisukuma risasi, hata mbio zake zikaongezeka. Kwa kukadiria, kila inchi moja inayokatwa hupunguza mwendo wa risasi kama futi 25 kwa sekunde. Ijapokuwa ni hivyo, katika nyika ya miiba kama hii yetu, mtutu wa inchi 26 hushikwa na matawi wakati uhitajikapo kugeuzwa upesi. Mwindaji wa vichakani hupendelea inchi 22 hadi 24. Hasara ya mwendo ni ndogo, maadam mnyama yu karibu. Tena, mtutu mnene wa mashindano ya shabaha haupotei upesi ukipata moto, lakini ni mzigo. Mwindaji hapigi risasi ishirini mfululizo. Hupiga moja au mbili, baada ya kutembea tangu alfajiri. Mikono iliyochoka haina shabaha.

Nne ni chuma chenyewe. Kuna chuma cha pua kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, na kuna kile kisichoshika kutu upesi. Hicho cha pili chafaa penye jasho na hewa ya chumvi, ila nacho chaweza kushika kutu kisipotunzwa, na mng'ao wake hauna budi kufifishwa usimshtue mnyama. Mifuo hukatwa mmoja mmoja kwa kisu, au hupigwa chapa kwa kupitisha kitufe kigumu tunduni, au mtutu hufuliwa kwa nyundo za mashine juu ya ufito wenye sura ya mifuo. Njia zote tatu zaweza kutoa mtutu mwema. Kilicho muhimu ni tundu liwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho, mdomo uwe hauna dosari, na chumba cha risasi kikatwe kwa kipimo barabara. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni tu, maana kosa dogo humlipukia mpigaji usoni.

Baada ya hayo yote, bunduki lazima ijulikane na mwenyewe. Mwaka 1898, J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo, alikuwa akiwatafuta simba wawili waliokuwa wakiwala wafanyakazi. Siku moja simba alimtokea karibu, naye ameshika bunduki nzito ya kuazima yenye mitutu miwili. Mtutu wa kwanza haukulia. Akafadhaika hata akausahau wa pili. Alipoukumbuka, simba amekwisha ruka kando, akajeruhiwa tu na kwenda zake. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba mwaka ule, na wa pili tarehe 29. Wazee walisema kweli kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Tena tusisahau kwamba katika nyika hii hii Waata, ambao zamani waliitwa Waliangulu, waliwinda tembo bila mtutu wowote. Pinde zao zilihitaji nguvu ya paundi 100 na zaidi kuzivuta, na mishale yao ilipakwa sumu ya mti. Silaha ile haikufika mbali; ilimlazimu mtu amnyemelee tembo hata awe karibu naye, na asiachie mshale mpaka awe na hakika. Hakuna chuma kinachoweza kulipia upungufu wa subira hiyo.

Basi mwenye kuagiza bunduki na ajiulize kwa taratibu: mnyama gani, nchi ya namna gani, bega la nani, na risasi gani ipatikanayo dukani huko aendako. Hapo ndipo aulize chuma na bei. Akijibu maswali hayo kwa unyofu, mnyama atakufa upesi bila mateso, na mtafuta nyayo atarudi jioni kwa watoto wake.