Nauli Iliyozidi ni Mali ya Nani?

Mteja wa Mwanza ameagiza gauni kwa muuzaji wa Kariakoo anayefanya biashara yake Instagram. Gauni ni shilingi 45,000. Muuzaji anamwandikia: "Ongeza kama 15,000 ya usafiri, mzigo unatoka leo jioni." Mteja anatuma 60,000 na ya kutolea juu yake. Jioni bodaboda anaufikisha mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi, kwa shilingi 5,000, na ofisi ya basi inatoza 4,000. Jumla 9,000. Shilingi 6,000 zimebaki kwenye simu ya muuzaji na mteja hana habari nazo.

Wauzaji wengi wadogo ninaowasaidia kuweka hesabu huiita hiyo 6,000 faida. Si faida. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wanunuzi tu. Kihesabu, pesa hiyo haikuwahi kuwa ya duka. Mteja amenunua gauni kwa 45,000, na hapo mauzo yamekwisha. Zile 15,000 amekukabidhi umlipie bodaboda na basi kwa niaba yake, sawa na mtu aliyekutuma sokoni. Chenji ikibaki, ni ya aliyekutuma.

Ipo hali moja ambayo jibu hubadilika, nayo inategemea maneno uliyoandika kabla pesa haijatumwa. Ukitangaza waziwazi kwamba usafiri wa mikoa yote ni 10,000, umeuza huduma kwa bei moja. Mteja ameiona, ameipima, ameikubali. Mzigo wa Morogoro ukikugharimu 6,000 na wa Bukoba 14,000, faida na hasara ni zako na hakuna anayekudai. Lakini ukimwambia nauli ni kadiri ya ofisi ya basi, au ukitaja kiasi kwa makadirio, "kama 15,000 hivi", umeahidi kutoza gharama halisi, na kinachozidi ni deni. Ugomvi mwingi ninaousikia unatoka kwa muuzaji anayetaka vyote viwili: pesa ikizidi anasema bei yake ni moja, ikipungua anamwandikia mteja, "Ofisi wamepandisha, niongezee 3,000." Hapo lazima uchague utaratibu mmoja na kuufuata hata siku unapokuumiza.

Kuficha faida ndani ya nauli hakukuanzia kwetu. Kwenye soko la mtandaoni la eBay, kwa miaka mingi baadhi ya wauzaji waliweka bei ndogo ya bidhaa na gharama kubwa ya kutuma, kwa kuwa kamisheni ya mauzo ilikatwa kwenye bei ya bidhaa peke yake. Mwaka 2011 eBay ikaanza kukata kamisheni hadi kwenye gharama ya kutuma. Etsy nayo ikafanya hivyo mwaka 2018, ilipopandisha kamisheni yake kutoka asilimia 3.5 hadi 5. Walioumia zaidi ni wauzaji waliokuwa wakitoza nauli halisi, maana sasa wanakatwa kamisheni kwenye pesa ya posta ambayo haikai mikononi mwao. Anayeuza kwa picha za Instagram na kupokea oda WhatsApp, halafu akalipwa kwa simu, hana hata kisingizio cha kukwepa kamisheni. Akitaka faida zaidi, apandishe bei ya gauni, mteja aione na aamue.

Sasa, nauli huzidi vipi? Kosa la makadirio ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni mizigo kwenda pamoja. Chukua jioni moja yenye mizigo 5 ya mikoani. Kila mteja ametozwa 5,000 ya bodaboda hadi stendi. Bodaboda mmoja anaibeba yote kwa safari moja ya 7,000. Muuzaji amekusanya 25,000, ametumia 7,000, amebakiwa na 18,000. Gharama halisi ya kila mzigo hadi stendi ni 1,400, kwa hiyo kila mteja amezidishiwa 3,600. Kwa mwezi wenye jioni kumi za namna hiyo, ni shilingi 180,000 zilizopita dukani bila jina.

Najua utakalolisema hapa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: kufungasha ni kazi, kumsubiri bodaboda ni kazi, kusimama kwenye foleni ya ofisi ya basi ni kazi, na kazi hiyo nani anailipa? Hoja ni ya haki kabisa. Kazi hiyo ina thamani na muuzaji anastahili kulipwa. Ndiyo maana inapaswa kuandikwa: "kufungasha na kufikisha stendi, 2,500." Mteja akiliona hilo hatalalamika. Anachochukia ni kugundua baadaye kwamba alilipia bodaboda mzima peke yake, na jirani yake aliyeagiza siku ileile naye alilipia bodaboda huyohuyo mzima.

Chanzo kingine ni mteja mmoja mwenye bidhaa kadhaa. Anachukua viatu, mkoba na mtandio, na orodha inamtoza nauli mara tatu, ilhali vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja na basi linatoza mfuko mmoja. Hili halihitaji mjadala. Jumlisha upya kabla hajalipa.

Kwa wanaotuma kwa kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege, ukubwa wa boksi huleta tofauti ambayo wengi hawaitarajii. Kampuni hizo hupima mzigo kwa njia mbili: uzito wa mizani, na uzito wa ujazo, unaopatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya, kwa kampuni nyingi, kwa 5,000. Uzito utakaokuwa mkubwa ndio unaotozwa. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 linahesabiwa kilo 6, hata kama ndani mna vitenge vya kilo 2. Ukivikunja vizuri ukavitia kwenye boksi lenye kimo cha sentimita 10, hesabu inashuka hadi kilo 2.4. Muuzaji aliyemtajia mteja nauli ya kilo 6, kisha akafungasha kwa ustadi, amepunguza uzito unaotozwa kwa zaidi ya nusu. Pongezi kwake, lakini unafuu huo ni wa mteja kama walikubaliana gharama halisi.

Ushahidi wa yote haya ni karatasi ndogo. Karani wa ofisi ya basi huandika kwenye kitabu cha risiti chenye nakala: jina la mtumaji, jina la mpokeaji, namba zao za simu, mji mzigo unakokwenda, maelezo kama "mfuko 1, nguo", na chini kabisa kiasi kilicholipwa. Muuzaji huipiga picha risiti hiyo na kumtumia mteja ili ajue basi lipi la kulifuata. Nimeona picha ambazo kidole gumba kimewekwa juu ya kiasi, na nyingine zilizokatwa sehemu ya chini. Mteja aliyezoea kununua mtandaoni anajua maana yake. Piga picha risiti nzima. Karani akikuachia bila kuandika kiasi, mrudishie aandike. Kwa bodaboda asiye na risiti, ujumbe wa muamala uliomlipia unatosha.

Wengine hujitetea kwamba zile zinazozidi kwa huyu huziba pengo la yule aliyepungukiwa. Sikubaliani. Mteja wa Dodoma hakuwahi kuombwa kumchangia wa Kigoma, na kama angeombwa huenda angekataa. Kama unataka wote wachangiane, rudi kwenye ile bei moja iliyotangazwa. Hapo kila mmoja anajua alichokubali.

Tukija kwenye kurudisha kwenyewe, siku nzuri ni ileile risiti inapotoka, kabla pesa haijachanganyika na matumizi ya nyumbani. Tuma pamoja na picha ya risiti na maneno mafupi: "Usafiri umetoka 9,000, nakurudishia 6,000 yako." Ada ya kutuma iwe juu yako, kwa kuwa makadirio yalikuwa yako. Rudisha kwenye namba iliyolipa. Mara nyingi kijana wa Dar es Salaam ndiye anayelipa na mama yake aliye Bukoba ndiye anayepokea mzigo. Chenji ni ya kijana, hata kama namba ya mama ndiyo iliyo mbele ya macho yako. Na kama malipo yaliwekwa kupitia kwa wakala, muulize mteja namba ya kumrudishia.

Angalia salio kabla ya kurudisha chochote. Matapeli wanatuma ujumbe unaofanana na wa mtandao, kisha wanapiga simu wakilia kwamba wamezidisha, warudishiwe haraka. Soma taarifa ya akaunti yako, usitegemee ujumbe ulioingia.

Kiasi kidogo kina tabu yake. Kama kilichozidi ni shilingi 500, ada ya kutuma inaweza kula sehemu kubwa. Njia rahisi ni kumnunulia mteja vocha ya kiasi hicho kutoka kwenye akaunti yako ya pesa mtandao. Ya pili ni kumwekea kwa ajili ya oda ijayo, lakini hilo lifanyike akikubali, na liandikwe. Ukimwambia "tutamalizana siku nyingine" bila kuandika popote, umeichukua. Usitie noti ndani ya kifurushi. Kanuni za posta za kimataifa zinakataza kutuma noti na sarafu kwenye barua na vifurushi vya kawaida visivyo na bima, na hata kwenye basi mzigo unapita mikono mingi. Kwa shilingi 200 au 300 mimi sioni ubaya wa kumalizia kwa makubaliano ya mapema: andika kwenye masharti yako kwamba tofauti isiyofika 500 hairudishwi. Mteja akilipa akiwa ameisoma, ameridhia.

Kuna sababu nyingine ya kuitenga pesa hii, nayo inamgusa muuzaji moja kwa moja. Kodi ya wafanyabiashara wadogo nchini Tanzania hukadiriwa kwa mauzo ghafi, siyo kwa faida, na Kenya nayo ina kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo. Ukipokea nauli na bei ya bidhaa kwenye laini moja bila daftari, vyote vitaonekana ni mauzo, na huna pa kuonyesha kwamba 9,000 kati ya 60,000 zilikwenda kwa bodaboda na basi siku ileile. Daftari lenye safu tatu linatosha: nauli iliyopokelewa, nauli iliyolipwa, iliyorudishwa. Bandika risiti pembeni. Mwisho wa wiki safu ya kwanza lazima ilingane na jumla ya mbili zilizobaki. Isipolingana, ukiondoa zile tofauti ndogo zilizokubaliwa, kuna mteja ambaye hajarudishiwa chake.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Ni wanunuzi wachache watakaokwenda kushtaki kwa shilingi 6,000. Wengi watanyamaza tu, na oda inayofuata itakwenda ukurasa mwingine.

Ewe muuzaji unayesoma haya, kabla ya kupandisha picha za mzigo mpya wiki hii, andika mstari mmoja kwenye wasifu wa ukurasa wako: nauli yetu ni bei moja, au nauli yetu ni kadiri ya risiti. Kisha fungua miamala ya mwezi uliopita, tafuta waliozidishiwa, uwatumie chao.